Uhalisi wa hati za vita maana yake nini?

Hati ya vita huitwa halisi ikiwa kweli iliandikwa na mtu anayetajwa, mahali panapotajwa, wakati unaotajwa. Dhana inaishia hapo. Haituambii kama yaliyoandikwa ni kweli. Kamanda aliyepoteza askari wengi anaweza kumpelekea mkubwa wake ripoti ya uongo, na ripoti hiyo ikabaki hati halisi kabisa. Mabishano mengi ninayoyasikia hapa Mwanza kuhusu karatasi za Vita vya Kagera hukwama papo hapo: mmoja anatetea karatasi, mwenzake anapinga habari, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Kabla ya kusoma inasema nini, uliza imetoka wapi. Nani aliitunza? Ilipita mikononi mwa nani? Karatasi iliyoibuka juzi kwa mtu asiyetaka kutaja alikoipata haipaswi kubeba hoja peke yake, hata iwe na mihuri mitatu.

Halafu tazama mambo madogo. Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916. Barua ya mwezi huo inayoiita koloni hili Tanganyika itiliwe shaka, maana koloni lilipewa jina hilo mwaka 1920. Vivyo hivyo amri ya mwaka 1973 yenye sahihi ya "Fildi Marshali Idi Amin", kwani cheo hicho alikipata mwaka 1975. Hata hivyo, kosa la namna hii halitoshi kila mara kuitupa hati. Huenda ni nakala iliyochapwa upya baadaye na karani aliyeandika jina alilolizoea.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa Ujerumani. Mwaka 1983 jarida la Stern lilitangaza kwamba limepata shajara za Hitler, ambazo lililipia mamilioni ya mark. Wataalamu wa mwandiko walizilinganisha na maandishi mengine ya Hitler, wakasema mwandiko ni mmoja. Ulikuwa mmoja kweli, ila wa mghushi Konrad Kujau: baadhi ya maandishi waliyopewa ya kulinganishia yalikuwa yameghushiwa na yeye huyo huyo! Haikuchukua wiki mbili, maabara ikakuta ndani ya karatasi kemikali ya kung'arisha ambayo ilianza kutumika baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper, aliyeheshimika sana, alikuwa ameshazikubali hadharani.

Kipimo kama hicho kinahitaji karatasi yenyewe. Picha inayozunguka WhatsApp haina wino wa kupima wala karatasi ya kushika, kwa hiyo anayeapa kwamba ni halisi kwa kuitazama tu kwenye simu anabahatisha.

Ndiyo maana naumia nikiona familia ya mpiganaji wa 1978 na 1979 inapeleka barua zake steshenari zikapigwe lamination. Joto na gundi huiharibu karatasi, na plastiki ile haibanduki bila madhara. Iache barua ndani ya bahasha yake, kwa sababu stempu na muhuri wa posta ni ushahidi pia. Kwenye karatasi ya pembeni, andika jina la aliyeitunza na namna ilivyokufikia, ukiweza leo, mzee angali anakumbuka.