Kufunga mfarishi kwa mkono: uzi upi, fundo lipi

Mfarishi ni blanketi la matabaka matatu: kitambaa cha juu, ambacho mara nyingi ni vipande vilivyoungwa, pamba ya kujazia katikati, na bitana chini. Kuufunga ni kuyashikiza matabaka hayo kwa mafundo yaliyotawanywa kote badala ya mishono ya mfululizo. Uzi unazama juu, unatokea kwenye bitana, unarudi juu karibu na ulipoingilia, kisha ncha zake mbili zinafungwa na kukatwa. Kazi inakwenda haraka sana kuliko kushona, na ndiyo maana vikundi vya Wamennonite (Wakristo wa dhehebu la Mennonite) huko Marekani na Kanada, vinavyotengeneza mifarishi ya msaada kwa MCC, shirika la misaada la dhehebu hilo, hupenda kufunga. Mafundi wa magodoro ya sufi nao hufunga kwa mtindo wa jamaa hiyo, ila sindano yao ni ndefu na uzi ni mnene zaidi.

Uzi na fundo huchaguliwa pamoja. Kinacholizuia fundo lisifunguke ni msuguano, si nguvu ya uzi, kwa hiyo uzi imara lakini laini unaoteleza utakuangusha kabla ya uzi dhaifu wenye vinyweleo.

Chaguo la kwanza ni uzi wa pamba wa kudarizi uliosokotwa, namba 8 au namba 5 (namba ikipungua, uzi unanenepa). Uzi wa pamba wa kufumia krosheti, namba 10, unafaa vilevile na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Ule wa kudarizi wenye nyuzi sita utumie zote sita pamoja, usizichambue. Uzi wa sufu ndio unaoshika kuliko yote, kwani kila ukifuliwa vinyweleo vyake hushikamana na fundo likawa donge lisilofunguka. Lakini sufu iliyotiwa dawa ili ifuliwe kwa mashine haishikamani hivyo. Akriliki inafungika, ila inateleza, kwa hiyo fundo lake lifunge mara tatu badala ya mbili.

Uzi wa cherehani ni mwembamba mno, unakata kitambaa kama waya. Nailoni na mshipi wa kuvulia samaki viache kabisa. Uzi lazima uzidiwe nguvu na kitambaa: fundo likikatika utafunga jingine kwa dakika moja, lakini kitambaa kikichanika itabidi utie kiraka, na pamba imeshaanza kutoka.

Sasa fundo. La kawaida ni hili: ncha ya kulia ipite juu ya kushoto na chini yake, vuta, kisha ya kushoto ipite juu ya kulia na chini yake, vuta. Ukirudia upande uleule mara mbili, unapata fundo bovu linalojilegeza lenyewe kwenye maji. Litazame kwa karibu: katika fundo zuri ncha zinalala sambamba na mshono, katika fundo bovu zinasimama msalaba. Kama mfarishi utafuliwa mara kwa mara, zungusha ncha mara mbili kwenye hatua ya kwanza, halafu malizia hatua ya pili kama kawaida. Ule mzunguko wa ziada unashikilia uzi usilegee wakati unabadilisha mikono, kwani pamba nene ya kujazia hupenda kuulegeza.

Kabla ya kufunga, piga bandi au tia pini matabaka yote, uanze katikati ukielekea pembeni. Ukianzia pembeni, kitambaa kinachobaki kinajikusanya katikati. Tumia sindano kali yenye tundu kubwa. Mshono uchukue milimita 5 au 6 za kitambaa. Ukichukua milimita 2 tu, nyuzi chache za kitambaa ndizo zinazobeba mvuto wote, nazo hukatika. Pita mara mbili kwenye matundu yaleyale, kisha funga mpaka kitambaa kibonyee kidogo. Kikikunjamana, umevuta kupita kiasi. Ncha ziache sentimita 2 hadi 2.5. Ukizikata fupi zaidi ili zipendeze, zitachomoka, hasa za pamba.

Nafasi kati ya mafundo inaamuliwa na kijazio. Poliesta inavumilia sentimita 10 hadi 15. Pamba tupu isiyoshindiliwa wala kutiwa gundi inataka sentimita 5 hadi 8, la sivyo ikifuliwa inasogea na kufanya mabonge. Pakiti ya kijazio ikiwa na maelekezo, fuata hayo.

Kwa mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 wenye mafundo kila sentimita 10, utapata mistari 14 ya mafundo 19, yaani 266. Ukikata kipande cha sentimita 20 kwa kila fundo, utatumia mita 53 hivi. Ukitaka kupunguza, usikate: shona mstari mzima kwa uzi mmoja mrefu, ukiuacha utambae juu ya kitambaa kutoka mshono hadi mshono, kisha kata katikati ya kila daraja na ufunge. Hapo mita 40 zinatosha, ila kila ncha itakuwa na sentimita 5 tu, na vidole vizito vitalalamika.

Kwa mtoto mchanga, usifunge kabisa. Ncha huvutwa na kutiwa mdomoni, na ukizikata fupi fundo linafunguka. Huo ushone.