Lishe na UKIMWI: Mizani Peke Yake Haitoshi

Uzito wa mtu mwenye UKIMWI unaweza kubaki palepale huku misuli yake ikipungua. Maji yanayojikusanya nje ya seli, au mafuta yanayorundikana tumboni, huziba pengo la kilo zilizopotea na mizani ikasoma kama mwezi uliopita. Ndiyo maana sisi tunaochunguza lishe haturidhiki kujua mgonjwa ana kilo ngapi. Tunataka kujua kilo hizo ni za nini.

Kukonda ni miongoni mwa dalili zilizoutambulisha ugonjwa huu mapema kabisa. Mwaka 1985 madaktari walieleza ugonjwa mpya wa kuharisha na kukonda uliokuwa umezuka Rakai, Uganda. Miaka minne baadaye, daktari Donald Kotler na wenzake huko New York walipima potasiamu iliyomo mwilini mwa wagonjwa. Potasiamu karibu yote hukaa ndani ya seli, hivyo kiasi chake hueleza ni tishu hai kiasi gani imebaki. Waligundua kwamba kifo kilipokaribia, tishu hiyo ilikuwa imeshuka hadi takriban asilimia 54 ya kiwango cha kawaida, na uzito kufikia theluthi mbili ya unaostahili. Hali hiyo inakaribiana na ya watu wanaokufa kwa njaa. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote: utapiamlo wenyewe unaua, wala si kivuli tu cha ugonjwa.

Je, misuli inakwenda wapi? Wengi huamini virusi huunguza chakula chote anachokula mgonjwa. Ni kweli kwamba mwili wenye VVU hutumia nishati zaidi hata ukiwa umepumzika. Shirika la Afya Duniani hukadiria mahitaji ya mtu mzima huongezeka kwa asilimia 10 kabla ya dalili, na asilimia 20 hadi 30 anapougua. Lakini utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa wanaokonda kwa kasi hula kidogo mno, na hata nishati wanayotumia kwa siku hupungua kwa sababu hawana nguvu za kutembea. Fangasi za mdomoni na kooni hufanya kila tonge liume. Kichefuchefu, kuharisha na kifua kikuu humalizia kazi. Tafuta kinachomzuia kula kabla ya kumlaumu kwamba hataki kula.

Kipimo kimojawapo cha kutofautisha misuli na mafuta ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mgonjwa hulala chali, hubandikwa vibandiko mkononi na mguuni upande mmoja, kisha umeme hafifu asiouhisi hupitishwa. Misuli yenye maji mengi huupitisha kwa urahisi, mafuta huuzuia. Kasoro yake ni kwamba miguu ikiwa imevimba, maji hayo huhesabiwa kana kwamba ni misuli, kwa hiyo lazima mpimaji aibonyeze kwanza kwa kidole kuona kama imevimba. Pasipo mashine, utepe wa kupimia mzunguko wa mkono, juu ya kiwiko, husaidia sana.

Dawa za ARV zimepunguza mno kukonda huku, ila nazo zimeleta maswali yake. Stavudini ilinyausha mafuta ya mashavuni, mikononi na miguuni, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe hatua kwa hatua. Dolutegraviri ya sasa huambatana na kuongezeka uzito, hasa kwa wanawake.

Na kilo zinazorudi baada ya kukonda mara nyingi huwa mafuta kwanza. Misuli hurudi pale maambukizi yanapotibiwa, chakula kinapotosha na mwili unapofanyishwa mazoezi ya kuinua vitu vizito kadiri ya uwezo. Ukiona suruali inalegea mapajani ilhali kiuno kinabana, au ngazi ulizozipanda bila shida sasa zinakuchosha, mweleze mhudumu wa kliniki hata kama mizani haijasogea, na usiache dawa ukisubiri majibu.