Kuhema si sababu ya kukaa kitako

Ndugu humleta mgonjwa wamemshika mikono miwili, na kabla sijauliza neno wananiambia: "Mama siku hizi hafanyi chochote, tunamfanyia kila kitu." Ni upendo, najua. Lakini huwa naumia, maana upendo huo unammaliza nguvu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dar es Salaam. Wengi ninaowahudumia wana moyo uliochoka na mapafu yaliyochakaa kwa pamoja, hasa akina mama waliopikia kuni na mkaa miaka nenda miaka rudi. Mapafu yakiharibika, mishipa yake ya damu hubana. Moyo upande wa kulia husukuma kwa shida mpaka unatanuka, na miguu inavimba.

Mtu huyo akikaa tu, misuli ya mapaja husinyaa, na msuli uliosinyaa huchoka upesi. Safari ileile ya chumbani hadi bafuni inamtoa pumzi kuliko mwezi jana. Akihema anaogopa, akiogopa anakaa tena. Anadhoofu, na huenda ugonjwa wenyewe haujasogea.

Daktari akisharuhusu, tunaanza na dakika 5 za kutembea, asubuhi mapema kabla jua halijawaka. Kipimo ni mdomo wako: uweze kuzungumza, usiweze kuimba. Ukishindwa kuzungumza, simama. Vuta hewa kwa pua, itoe taratibu kwa midomo iliyobana, kama unapooza uji wa moto. Njia za hewa hubaki wazi muda mrefu zaidi, na hewa iliyonasa ndani inapata kutoka. Kwenye ngazi, panda huku unatoa pumzi.

Na mzani! Kila asubuhi, ukishakojoa, kabla ya chai. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, hujanenepa. Nenda kliniki siku hiyohiyo, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au ukishindwa kulala bila kuongeza mito, usitembee, kimbilia hospitali.

Mama mmoja muuza vitumbua alikuwa halitazami daraja la waenda kwa miguu la Manzese. Wiki ya 10 alilivuka, akipumzika mara mbili. Sasa ananiuliza lini atabeba ndoo ya maji. Nimemwambia bado, tuanze na kidumu cha lita 3.