Skwota wa Australia hakuwa mnyonge

Msomaji wa Kenya akisikia kwamba John Robertson, mwanasiasa wa New South Wales, alikuwa skwota, humjia picha ya familia isiyo na hati, inayongoja kufukuzwa shambani. Basi huona kuwa sheria zake za ardhi za 1861 ziliandikwa na fukara kwa ajili ya fukara wenzake. Sivyo.

Maskwota wa huko walikuwa matajiri wa kondoo. Waliswaga mifugo yao hadi nje ya mipaka ya serikali, kwenye ardhi ya Waaborijini, wenyeji asilia ambao hakuna aliyewauliza, na tangu 1836 wakawa wanalipa leseni ya pauni 10 tu kwa mwaka. Robertson mwenyewe aliwahi kushika malisho ya aina hiyo kando ya mto Namoi, nchi ya Wakamilaroi, mojawapo ya jamii za Waaborijini.

Sheria zake zilimruhusu mtu kuchagua ekari 40 hadi 320, hata katikati ya malisho ya skwota, kwa pauni 1 kila ekari, akitanguliza robo, mradi aishi hapo. Kwenye karatasi, tamu kweli. Huko porini, skwota alimtuma mchungaji wake achukue kiwanja kwa jina la huyo mchungaji, kisha kikarudi kwa tajiri kimyakimya. Au alinunua ukingo wa mto na vidimbwi tu, penye maji. Kilichobaki ni ukame, nani atalima?

Robertson alikuwa waziri mkuu wa New South Wales mara tano. Mwaka 1884 sheria ikabadilishwa, kila malisho makubwa yakakatwa nusu: moja ya skwota, nyingine ya wakulima wadogo.