Je, Ni Vita Vilivyowapa Wanawake Kazi ya Kupeleka Barua Vijijini?

Wakazi wengi wa Nairobi, ambao barua zao huzifuata wenyewe kwenye sanduku la posta, wamemjua tarishi wa kike kupitia picha za Vita vya Kwanza vya Dunia: sare nzito, mkoba begani, njia ya matope. Ndiyo maana wengi huamini kwamba kabla ya vita hivyo hakuna mwanamke aliyepeleka barua vijijini.

Vita viliongeza idadi yao, hasa Uingereza, lakini havikuanzisha kazi hiyo. Uingereza ilikuwa na wanawake waliosambaza barua mashambani tangu karne ya 19; nayo Marekani, iliyoanza mwaka 1896 kufikisha barua vijijini bila kumtoza mpokeaji, iliwaajiri wanawake katika miaka michache tu iliyofuata. Wengi walioingia wakati wa vita walikuwa vibarua wa muda, na hadi 1946 posta ya Uingereza iliwataka wafanyakazi wa kudumu wa kike waache kazi wakiolewa, sharti ambalo, bila shaka, picha haiwezi kulionyesha.

Anayetaka kuhakikisha na aangalie kwanza tarehe ya picha, kisha apekue fomu za sensa ya Uingereza ya 1911, zilizo wazi kwa umma, ambazo safu yake ya kazi ilijazwa miaka mitatu kabla ya vita.