Sikio la panya linalovimba kesho yake: kinga ya mwili na antijeni za minyoo

Watu wakisikia aleji wanawaza kitu cha fasta, umegusa tu dakika kumi ushaanza kujikuna. Hiyo ipo, inaletwa na kingamwili (protini za kinga zinazonasa kitu kigeni) za aina ya IgE na histamini, kemikali inayoleta muwasho, na kwa minyoo ni kawaida sana. Ila kuna nyingine inakuja taratibu, na kwangu mimi hii ndo tamu zaidi.

Maabara tunachukua panya ambaye mwili wake ushakutana na mnyoo, tuseme wa kichocho, Schistosoma mansoni, tunamdunga antijeni kidogo kwenye sikio moja (antijeni ni kitu ambacho kinga ya mwili inakitambua kama kigeni; hapa ni protini za mayai ya mnyoo tu, mnyoo mwenyewe hayumo), sikio la pili linapata maji ya chumvi. Sikio la panya ni jembamba, milimita 0.2 hivi, kwa hiyo tunalipima na maikromita kabla ya sindano, halafu saa 24 na saa 48 baadaye. Na lazima uwe na panya wengine ambao hawajawahi kuguswa na mnyoo, maana kuna antijeni zinawasha zenyewe tu na utadanganyika.

Likivimba ndani ya dakika chache likanywea, hizo ni kingamwili. Likinenepa kesho yake, hapo seli za T, aina ya chembe nyeupe za damu, zimeitambua antijeni zikaita makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vitu vigeni, na seli mpaka zitoke kwenye damu zikusanyike pale ni kazi ya masaa. Kipimo cha TB cha ngozini kinasomwa saa 48 hadi 72 kwa sababu hiyohiyo.

Sasa kwa nini tuhangaike na sikio? Kwa sababu ya ini. Yai la kichocho likikwama kwenye ini, seli za T zinaita wenzao wanalizunguka, kinatokea kinundu, na kwa panya vinundu vinakuwa vikubwa kabisa kama wiki ya 8 ya maambukizi. Vikizidi ini linapata makovu. Utasema basi tuzizime hizo seli, lakini panya wasio na seli za T vinundu vyao ni vidogo na bado ini linaumia, sumu ya yai inavuja hamna wa kuizuia.

Maambukizi yakikaa muda mrefu mwili wenyewe unapunguza moto, vinundu vipya vinakuwa vidogo, na sikio nalo linaweza kuvimba kidogo tu wakati minyoo imejaa tele, kwa hiyo usisome uvimbe kama hesabu ya minyoo.