Kaisari: jina la ukoo lililogeuka cheo

Ukimtajia mtu Kaisari, mara nyingi atamfikiria Julius Caesar, yule aliyeuawa kwa visu na maseneta mjini Roma tarehe 15 Machi mwaka 44 KK. Sasa fungua Agano Jipya uone kama hesabu inakubali. Kaisari wa Luka 2, aliyeamuru watu waandikwe, ni Augusto. Yesu aliposema "mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari", aliyekuwa akitawala ni Tiberio. Na Paulo alipokata rufani kwa Kaisari, mtawala alikuwa Nero. Makaisari watatu, na hakuna hata mmoja aliye Julius.

Mrumi wa tabaka la Julius alikuwa na majina matatu. Gaius lilikuwa lake mwenyewe, Julius la mbari, na Caesar la tawi la familia ndani ya mbari hiyo. Halikuwa na maana ya mfalme hata kidogo. Tena mwenyewe hakuwa mfalme wala mfalme mkuu. Alikufa akiwa na cheo cha dikteta wa maisha.

Wosia wake uliposomwa, ilionekana amemfanya Octavianus, mjukuu wa dada yake, kuwa mwanawe. Kijana huyo wa miaka 18 akaanza mara moja kujiita Caesar. Alijua alichokuwa akifanya: askari walimpenda marehemu, na jina lile lilikuwa na jeshi nyuma yake. Ndiye aliyepewa heshima ya Augustus mwaka 27 KK. Tiberio alilipata jina kwa njia hiyohiyo ya kufanywa mwana, na Caligula alilirithi kwa baba yake, ambaye Tiberio alimfanya mwanawe.

Mambo yaligeuka mwaka 41 BK. Klaudio hakuwa ameingizwa na mtu yeyote katika ukoo ule. Alitwaa utawala, akalitwaa na jina. Nero alipojiua mwaka 68, familia yenyewe ikaisha, lakini waliomfuata wakaendelea kuitwa Caesar. Ni kama duka linalouzwa mara nne, na kila mwenye duka mpya watu wakamwita kwa jina la yule wa kwanza, mpaka jina likawa kazi.

Kilatini cha kale kilitamka *Kaisar*, kwa k. Wagiriki wakalichukua hivyo, Waarabu wakasema Qaisar, Wajerumani Kaiser, na Warusi wakalifupisha hadi tsar. Kwa hiyo Mswahili anayesema Kaisari yuko karibu zaidi na Warumi kuliko Mwingereza anayesema "Siza", ambaye ndiye tunayedhani anajua.

Kuhusu upasuaji wa kujifungua ambao Wazungu wanauita kwa jina hili, hadithi kwamba Julius alizaliwa hivyo ni ya kutilia shaka. Wakati ule upasuaji huo ulifanyiwa mama aliyekufa au anayekata roho, ilhali Aurelia, mama yake, aliishi kumwona mwanawe akiwa mtu mzima na jemadari.

Jina hilo lilifika hata kwetu, tena juu kabisa. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni Kibo, juu ya Mlima Kilimanjaro, alikiita kilele hicho Kaiser-Wilhelm-Spitze, kwa heshima ya mfalme wake Wilhelm wa Pili. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwenge ukawashwa huko juu, na leo ndicho Kilele cha Uhuru.